Tuwakumbuke vipi mama mkubwa na baba mkubwa, sasa arobaini zao zimepita?

Mleta mada, Korogwe

Assalaam alaykum, na salamu kwa wenzetu wa imani nyingine. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kupita njia hii.

Nimelelewa hapa Korogwe na dada mkubwa wa mama yangu pamoja na mumewe, tangu nikiwa mtoto wa kutambaa mpaka siku nilipoolewa. Baba mkubwa ndiye aliyetangulia. Mama mkubwa akakaa eda ya miezi minne na siku kumi, akaitimiza yote kwa subira, na haukupita muda mrefu naye akamfuata. Maziko yote mawili yalihudhuriwa na watu wengi kuliko tulivyotazamia, matanga yakaanuliwa, arobaini zikapita, wageni wakarejea makwao. Ugumu nauona sasa, kwa maana kilio kina utaratibu wake na kila mtu anajua la kufanya, lakini baada ya hapo hakuna anayekuelekeza.

Niwaeleze kidogo walikuwa watu gani. Baba mkubwa alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Korogwe. Aliajiriwa enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akaendelea na Shirika la Reli Tanzania mpaka alipostaafu. Wakati huo mkoa wa Tanga ulikuwa umejaa mashamba ya mkonge, na wengi wa waliofanya kazi huko walikuwa wametoka mbali, Songea, Kigoma, hata Msumbiji, na baadhi yao hawakurudi kwao tena. Jioni baba mkubwa alikuwa akikaa barazani akiwaandikia barua za kwenda nyumbani, na majibu yalipofika aliwasomea, wala hakutoza hata senti moja. Aliandika maneno ya mtu kama mwenyewe alivyoyasema, hakuyapamba. Barua ikiwa na habari ya msiba, alikuwa akimwomba mwenye barua akae kwanza, anampa maji, ndipo anamsomea.

Mama mkubwa alikuwa mwalimu wa kisomo. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, yeye alikuwa kijana aliyemaliza darasa la nane, akajitolea kuwafundisha wanawake wa kambi za mkonge kusoma na kuandika. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipoanza, akawa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio: watu walikusanyika, wakasikiliza kipindi kilichotangazwa na Radio Tanzania, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadiliana juu ya malaria na kuhara na kichocho, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni mbili walishiriki nchi nzima, na miongoni mwao wamo wanawake wa huku kwetu ambao mpaka leo wakimtaja mama mkubwa humwita Mwalimu. Mumewe aliwaandikia watu barua. Yeye aliwafundisha waandike zao wenyewe, na sikuona siku hata moja wakidhani kazi ya mmoja inaipunguza ya mwenzake.

Sasa ndugu zangu, yaani watoto waliowazaa, wamegawanyika. Wawili wanataka tusome hitma, yaani Kurani nzima kwa ajili ya marehemu, kila mwaka na kuwalisha watu. Mmoja anasema jambo hilo halina msingi katika dini na hatahudhuria. Kuhusu makaburi, kuna anayetaka kuyajengea kwa marumaru na kuna anayekataa kabisa. Mimi naogopa majina ya watu waliotulea kwa upole yasije yakawa sababu ya sisi kuhasimiana. Liko pia sanduku la bati lenye daftari za kisomo, barua, picha na kanda za kaseti, ambalo hakuna anayejua la kulifanyia. Zaidi ya hayo, mimi sikuzaliwa nao, na sijui nina haki ya kusema nini mbele ya waliozaliwa nao. Ninyi mlifanyaje?

Mzee wa Pangani

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Pole sana. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili na awape kauli thabiti.

Nianze na nafasi yako, kwa kuwa naona inakutia unyonge pasipo sababu. Katika Sahihi ya Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, imo habari ya binti wa Hamza, ami yake Mtume, ambaye baada ya baba yake kuuawa, Ali, Jaafar na Zayd kila mmoja alidai ndiye mwenye haki ya kumlea. Mtume, rehema na amani zimshukie, alihukumu kwamba mtoto akae kwa Jaafar, kwa sababu mke wa Jaafar alikuwa dada wa mama wa mtoto huyo, akasema kuwa dada wa mama yuko katika daraja ya mama. Nyumba uliyolelewa wewe ni ya namna hiyohiyo. Basi usiseme kwamba huna haki ya kuzungumza. Sema kwa adabu, lakini sema.

Mirathi ni jambo jingine, na ni vizuri lisichanganywe na hili. Madeni ya marehemu hulipwa kwanza, kisha hutekelezwa wasia usiozidi thuluthi ya mali, na kinachobaki ni cha warithi. Kwa hiyo lolote mtakalofanya kwa ajili ya kumbukumbu litoke mifukoni mwenu, au litoke katika mali hiyo kwa ridhaa ya warithi wote. Nimeshuhudia familia zikilisha mtaa mzima kwa fedha ambazo bado hazijagawanywa, na uchungu uliobaki ukakaa miaka mingi.

Kuhusu hitma, mimi ni mtu wa Pangani na nimesoma hitma tangu nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani, wala sitaacha. Hata hivyo ndugu yenu asiyeikubali hawachukii wazazi wake. Anawapenda kwa njia aliyofundishwa. Msimlazimishe kuhudhuria, naye asiwakataze. Tafuteni mambo msiyotofautiana, nayo ni mengi: kuwaombea dua, kuwatolea sadaka, kuunganisha udugu na kuwatazama marafiki zao waliobaki. Sahaba Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake aliuliza kama sadaka itamfaa, akajibiwa kwamba itamfaa, akaitoa bustani yake. Na mnaijua hadithi isemayo kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Mama yenu mkubwa ameacha elimu mikononi mwa watu. Hiyo mliikuta tayari. Kazi yenu ni kuiendeleza.

Watu wengi wakifikiria sadaka ya kuendelea hukimbilia kisima. Kisima ni jambo jema sana, lakini nimepita mbele ya visima vyenye bamba la jina la marehemu ambavyo pampu yake imekufa na hakuna wa kuitengeneza. Mkitaka kisima, onaneni kwanza na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wa wilaya na jumuiya ya watumia maji ya kijiji, mjue nani atakitunza, ndipo mchangishane. Kwa hawa wawili, hata hivyo, moyo wangu unaelekea kwenye darasa. Halmashauri ina Afisa Elimu ya Watu Wazima. Mwulizeni ni kijiji gani kina watu wanaotaka kujifunza na hakina mwalimu, vitabu wala taa. Fedha za kulisha watu siku moja zinaweza kusaidia posho ya mwalimu mmoja wa jioni, na faida yake haiishii siku hiyo.

Makaburi yana jibu jepesi. Katazo la kuyajengea limepokewa katika hadithi za Imamu Muslim, na wengi wetu tunalijua. Lakini imepokewa pia katika hadithi za Abu Daud kwamba Mtume aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la sahaba wake Uthman bin Madhun ili alitambue. Wekeni mawe ya kawaida yanayotosha kuwatambulisha, na fedha za marumaru ziende kwenye hilo darasa. Nadhani wote wanne mtaweza kulikubali hilo.

Mama wa Marangu

Pole sana, dada. Mimi ni Mkristo wa huku Kilimanjaro, kwa hiyo mengi ya Mzee nayaachia hapo alipoyaweka, ila nina neno juu ya kumbukumbu yenyewe.

Kwetu marehemu huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, karibu na nyumba. Shangazi yangu na mumewe wamelala hatua chache kutoka jikoni, na kila Desemba, ukoo unaporudi nyumbani, tunasafisha makaburi, tunapanda mimea mipya ya masale mahali pa iliyokauka na kusali pamoja. Nilidhani hilo linatosha. Kisha nikatambua kwamba watoto wetu waliozaliwa Arusha na Dar es Salaam walikuwa wakiyaona makaburi yale kila mwaka bila kujua hata jambo moja ambalo shangazi aliwahi kulifanya. Walijua jina na miaka miwili iliyochorwa kwenye saruji.

Tulichokifanya ni kuweka desturi kwamba baada ya sala mtu mmoja anasimulia jambo moja aliloliona kwa macho yake. Tuliwakatalia watu kusema kwamba shangazi alikuwa mkarimu. Tuliwataka waseme alimpa nani nini, na ilikuwa mwaka wa njaa au wa neema. Mjomba wangu alisimulia jinsi shangazi na mumewe walivyogawana kazi ya kubeba ndizi kwenda sokoni wakati ambapo wanaume wengine wa kijijini waliona haya kubeba. Hakuna mtoto aliyelisahau hilo.

Kwa upande wako naona jambo la haraka kuliko mengine yote. Mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka ishirini wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya leo amepita sabini. Wanafunzi wa mama yako mkubwa wanaondoka. Darasa linaweza kungoja mpaka fedha zipatikane, na mawe ya makaburi yanaweza kungoja, lakini wale wanawake hawangoji. Nenda kwao sasa. Nenda na picha ya zamani mkononi, maana picha huwafanya wazee wakumbuke wenyewe bila kusukumwa. Usimuulize mtu, "Mama mkubwa alikuwa mtu wa namna gani?" kwa sababu atakujibu alikuwa mtu mwema, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Muulize ilikuwaje siku ya kwanza alipoandika jina lake. Muulize walikaa wapi, redio ilikuwa ya nani, betri alinunua nani, mumewe alisemaje aliporudi nyumbani na daftari. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, na umwambie wazi utakachokifanya na maneno yake.

Mtunza Nyaraka, Dar es Salaam

Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka mpaka nilipostaafu, na nitajibu kuhusu sanduku peke yake.

Tafadhali msigawane vilivyomo kabla ya kuviorodhesha. Familia nyingi kwa nia njema humpa kila mtoto picha kadhaa, na ndani ya muda mfupi hakuna tena anayejua nani ana nini. Fungueni sanduku pamoja, mwandike kilichomo kwa mpangilio uleule mliokikuta nao, kwa sababu barua iliyowekwa ndani ya daftari fulani huenda iliwekwa humo kwa makusudi.

Unyevu wa Tanga na joto lake ni adui wa karatasi, na bati linalopata joto mchana na kupoa usiku hutoa jasho ndani. Hamishieni karatasi kwenye maboksi ya makaratasi magumu, yawekwe juu ya rafu, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa na mbali na ukuta wa nje. Ondoeni pini na vibanio vya chuma vilivyoota kutu, lakini msilazimishe kinachong'ang'ania. Msitumie gundi wala selotepu hata kama karatasi imechanika. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini majina ya waliomo, mahali na mwaka kama unajulikana, na kama mwaka haujulikani msibahatishe.

Kisha pigeni picha kila ukurasa kwa simu, karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, na nakala ziwekwe sehemu tatu, mojawapo ikiwa nje ya Korogwe. Faili lisiloandikwa jina halimsaidii mtu. Andikeni linahusu nini. Barua za ndani ya ndoa ni za watoto wao kuamua, na ningependa waamue kabla hamjazipiga picha. Lakini daftari za kisomo na karatasi za stesheni zina thamani hata nje ya ukoo wenu, kwa maana historia ya elimu ya watu wazima tunayo zaidi katika ripoti za serikali kuliko katika maandishi ya walimu wenyewe wa vijijini. Siku moja, mkikubaliana, fikirieni kutoa nakala kwa Nyaraka za Taifa au kwa maktaba ya chuo kikuu.

Mtanga niliyeko Maskati

Mola awarehemu. Naongeza mambo mawili kwa ufupi, kwa kuwa mimi nilifiwa nikiwa mbali na sikuweza kurudi kuzika.

Familia yetu imetawanyika kati ya Tanga, Unguja, Maskati na Uingereza, na mabishano ya hitma tunayo vilevile. Tulichokubaliana ni kwamba siku moja tunayoichagua, wanaotaka hugawana juzuu 30 za Kurani, kila mmoja anasoma yake nyumbani kwake na kuomba dua, na wasiotaka hutoa sadaka siku hiyohiyo kwa majina ya marehemu wale wale. Hakuna mkusanyiko, hakuna anayehesabu nani amefanya lipi. Kwetu imeondoa ugomvi.

La pili ni kuhusu barua na kanda. Barua zilizomo ndani ya sanduku lenu nyingi ni zile walizoandikiwa. Walizoandika wao ziko kwa waliopelekewa. Miaka ya 1980 kaseti nyingi za salamu zilikuwa zikisafiri kati ya Tanga na huku kwenye mifuko ya wasafiri, kwa sababu simu ilikuwa ghali na mtu alitaka kusikia sauti ya mwenzake. Kama mna jamaa waliohamia Ghuba, au waliorudi Songea na Kigoma, waulizeni. Mimi nimeipata sauti ya mama yangu mkubwa kwa jamaa wa Matrah, hapa jirani na Maskati, ambaye hakuwa na habari kwamba kanda ile ina thamani kwetu.

Mleta mada, Korogwe

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Niliwasomea ndugu zangu majibu haya neno kwa neno, na Mzee, habari ya binti wa Hamza ilinifanya niwe na ujasiri wa kusema niliyoyanyamazia.

Tumekubaliana juu ya mawe ya kawaida, na hata aliyetaka marumaru ameridhika. Hitma haitakuwa ya mkusanyiko. Tutafuata utaratibu wa Maskati, na ndugu yetu asiyesoma hitma ndiye aliyejitolea kwenda kumwona Afisa Elimu ya Watu Wazima. Kwa miezi mingi sikuwa nimemwona akichangamka namna ile. Yeye ndiye aliyekuwa akimbebea mama mkubwa ubao wakati akiwa mtoto.

Ushauri wa Mama wa Marangu nimeshauanza. Nilimwendea bibi mmoja huko Mnyusi, nikamwonyesha picha ya kikundi cha redio, nikamuuliza siku ya kwanza alipoandika jina lake. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani: mara alipojua kuandika, mama mkubwa alimpeleka barazani kwa baba mkubwa, na baba mkubwa akampa kalamu na karatasi, akamwambia barua ya kwenda kwa kaka yake Songea leo ataiandika mwenyewe, yeye atakaa pembeni amsaidie herufi zitakazomshinda. Kumbe walikuwa wakifanya hivyo kwa kila aliyehitimu. Sote tulidhani kazi ya barua ilipungua kwa sababu ya simu, kumbe wenyewe walikuwa wakiipunguza kwa makusudi, wakishirikiana. Nimerekodi kwa ruhusa yake, na amenitajia wenzake watatu walio hai.

Ninalo swali moja tu kwa Mtunza Nyaraka. Kanda mbili zina ukungu mweupe kwenye utepe, na moja kati ya hizo imeandikwa kwa mwandiko wa baba mkubwa "Sauti ya Mwalimu". Kijana wa redio hapa mjini anasema ataicheza tusikilize kwanza kama ina kitu. Nimruhusu?

Mtunza Nyaraka, Dar es Salaam

Hapana, dada, usimruhusu. Ukungu ukipita kwenye kichwa cha redio unaukwaruza utepe na kuziba sauti, na utepe uliolainika unaweza kunasa na kukatika. Zitenge kanda hizo mbili na nyingine ili ukungu usisambae, ziweke zimesimama kwenye boksi la karatasi mahali pakavu na penye hewa, msizifungie ndani ya mfuko wa nailoni, na msizifute kwa maji wala spiriti. Tafuteni fundi mwenye uzoefu wa kusafisha utepe na kuuhamishia sauti kwenye kompyuta, hata kama itabidi mzilete Dar es Salaam. Aanze na ile isiyokuwa na jina. Akifanikiwa kwa hiyo, ndipo mumkabidhi ya Mwalimu.